Nguzo Iliyopita Ubao

Khamala alikuwa mchoraji wa mabango, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: hakuweza kuchora kitu asichokielewa. Ukimpa kazi ya kuandika "Kinyozi" juu ya mlango, kwanza atakuuliza unanyoa wakubwa au watoto. Mwenye bucha mmoja pale Mashimoni aliwahi kumwita amchoree ng'ombe ukutani. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja, ikamla siku tatu, kwa sababu Khamala alifunga safari mpaka machinjio ya Dagoretti kuangalia kama pembe huota mbele ya sikio au nyuma yake. Ng'ombe alitoka mzuri ajabu, lakini mwenye bucha alikuwa ameshachoka na maswali. Ni yeye aliyeanza kumwita Kwa Nini, na jina likashika.

Alikuwa amekuja Nairobi kutoka Bungoma akiwa kijana mwenye brashi mbili. Kufikia mwaka 1996 alikuwa na brashi kumi na nne, mke aitwaye Nanyama aliyeuza sukuma wiki mlangoni, na binti wa miaka minne, Mourine, mnene na mtundu. Waliishi chumba kimoja kwenye ploti iliyopakana na kioski cha maji. Maisha hayakuwa mabaya sana, na Khamala hakuwa mtu wa kulalamika. Alikuwa mtu wa kuuliza.

Karibu na hapo kanisa lilikuwa na zahanati ndogo ya mabati. Lilikuwa na nyingine kama hiyo Kawangware, upande wa Riruta Satellite. Zote mbili zilifunguliwa Jumanne na Alhamisi tu, na mtoto akiugua Ijumaa, hiyo ni shauri yake. Mwezi wa Julai likaja tangazo kwamba moja kati ya hizo mbili itafunguliwa siku tano kwa wiki. Kila zahanati ilete chati ya watoto waliougua kuhara, kamati ya kanisa izitazame, kisha iamue.

Nesi wa Mashimoni, Sista Caren Obiero, alizitaka siku hizo tano kuliko kitu chochote. Alimwita Khamala Jumanne asubuhi, kabla hata foleni haijajaa.

"Kwa Nini, nataka chati. Iwe ya kuonekana toka mlangoni. Nguzo moja kubwa, nyekundu."

"Ya nini hasa?"

"Ya kuhara. Aprili mpaka Juni, register inasema mia tatu na tisini. Kadi za watoto nimetoa mia tatu. Gawanya, zidisha na mia, unapata asilimia mia na thelathini. Chora hiyo. Ni ya Ijumaa ya wiki ijayo."

Khamala akachukua ubao wake, akaupima kwa uzi kama ilivyo desturi yake. Akaugawanya hatua kumi, sifuri chini, mia juu kabisa, kwa sababu aliwahi kufundishwa shuleni kwamba asilimia ni sehemu za mia. Kisha akaanza kupandisha nguzo kwa penseli. Hamsini, themanini, mia. Ubao ukaisha. Thelathini bado alikuwa nazo mkononi. Akaunyoosha uzi juu ya ubao aone zinafika wapi, ukafika kwenye msumari uliotundikiwa kalenda.

"Sista, imepita."

"Nini imepita?"

"Nguzo. Imetoka kwa ubao, imeingia kwa ukuta."

"Si uongeze ubao?"

"Ubao naweza ongeza. Watoto ndio siwezi. Unaniambia kwa kila watoto mia, mia na thelathini wamehara. Hao thelathini ni wa nani?"

Sista Caren aliinua kalkuleta yake kumwonyesha. Kalkuleta ilisema 130, haikuwa na shaka yoyote. Akaitazama, akamtazama Khamala, akaitazama tena. Alikuwa mwanamke mwenye akili na mwenye kazi nyingi, na hivi viwili havikai pamoja vizuri.

"Chukua kitabu," alisema mwishowe. "Kaa pale kwa benchi nje. Ukipata hao thelathini, niambie. Usiniharibie karatasi."

Khamala akakaa. Akaifungua register, ambayo ilikuwa daftari la shule tu, akaanza kuhesabu watoto badala ya mistari. Majina yakamsumbua mara moja. Ukurasa huu kuna Ken Opondo, ule kuna Opondo Ken, na mbele zaidi kuna "Ken wa Opondo wa kinyozi". Lakini wote watatu walikuwa na kadi namba 112. Basi akaachana na majina, akafuata namba. Kila kadi aliipa mstari mmoja, na kila safari ya zahanati akaiwekea kijiti.

Kufikia saa tisa alasiri alikuwa ameelewa. Zile mia tatu na tisini hazikuwa watoto. Zilikuwa safari. Mtoto mmoja akija mara nne anaandikwa mara nne, na kalkuleta haijui kuwa ni yuleyule. Kadi zilizofika zahanati kwa ajili ya kuhara zilikuwa mia moja na ishirini tu. Mia moja na ishirini kati ya mia tatu ni arobaini kati ya mia. Nguzo ingekaa ndani ya ubao bila taabu, tena ibakize nafasi.

Angefunga daftari hapo, mambo yangeisha. Lakini kulikuwa na kadi namba 87, yenye vijiti kumi na kimoja, kuliko kadi nyingine yoyote. Huyo ndiye mtoto mgonjwa kupita wote Mashimoni. Akaangalia jina. Mourine Khamala, msichana.

Alicheka. Halafu akaacha kucheka.

Nanyama alikuwa mlangoni akikata sukuma nyembamba sana, kisu kikienda mbio bila yeye kukitazama.

"Mama Mourine, huyu mtoto ameenda zahanati mara ngapi tangu Aprili?"

"Mara moja. Ile siku alikula udongo."

"Kitabu kinasema kumi na moja."

Kisu hakikusimama. "Kitabu ni cha nani?"

"Usinijibu na swali. Hiyo ni kazi yangu."

Nanyama akatabasamu kidogo, akaweka kisu chini. Mara moja ilikuwa ya Mourine. Nne zilikuwa za Whitney, binti wa jirani yao Audrey. Sita zilizobaki ni za watoto wengine wawili wa ploti ileile, tatu kwa tatu. Watoto hao hawakuwa na kadi zao. Ili mtoto apate kadi, kanisa lilitaka karatasi ya hospitali aliyozaliwa, na Whitney alizaliwa chumba cha pili kutoka hapo, mikononi mwa mama mmoja aliyejua kuzalisha. Wengine karatasi zao ziliungua kwa moto, au zilibaki nyumbani mashambani. Na amri ilikuwa imebandikwa mlangoni pa zahanati: bila kadi, hakuna matibabu.

"Ulitaka nimwambie Audrey akae na mtoto anahara," alisema Nanyama, "na kadi imelala hapa juu ya kabati?"

Khamala hakutaka hivyo. Aliitoa kadi juu ya kabati, akaikunjua. Ndani kulikuwa na ile chati ndogo ambayo nesi huweka nukta kila mtoto anapopimwa uzito. Nukta za Mourine zilipanda, zikashuka kilo tatu, zikaruka juu kilo nne, zikashuka tena. Hakuna mtoto wa binadamu anayekua hivyo. Walikuwa watoto wanne kwenye mstari mmoja.

Sasa udadisi ulimshika barabara. Kama kadi moja ilibeba wanne, nyuma ya zile mia moja na ishirini kulikuwa na watoto wangapi? Na zile mia tatu, ni mia tatu ya nini? Ni ya kadi. Watoto wenyewe hakuna aliyewahi kuwahesabu.

Kesho yake akaanza kupita mlango kwa mlango, na mlango wa tatu ukamshinda. Mwanaume mwenye daftari, Mashimoni, anayeuliza idadi ya watoto? Watu walidhani ametumwa na mwenye ploti kupandisha kodi. Ikabidi aende na Nanyama, na Nanyama alijua kuuliza. Hakusema, "Una watoto wangapi wagonjwa?" Aliweka kikapu chake cha mboga chini, akapumua, akasema, "Mama nanihii, kadi yako siku hizi inalala kwa nani?" Hapo wanawake walicheka, na kila kitu kikatoka. Khamala alisimama hatua tano nyuma, akiandika.

Alikuwa na njia yake ya kuhakikisha hahesabu mtoto mara mbili. Nyumba ikishahesabiwa, alichovya brashi ndogo, akaweka nukta ya buluu chini ya kizingiti. Mtoto alihesabiwa mahali alipolala usiku uliopita, hata kama mchana anashinda kwa nyanyake. Watu wakaanza kumtania.

"Buda, hiyo nukta ni ya nini? Tumeuzwa?"

"Mmehesabiwa."

"Na ukikosea?"

"Nitarudi kuuliza."

"Ngai, usirudi!"

Jumatano hadi Jumanne, mitaa yote iliyotegemea zahanati hiyo ikawa na nukta za buluu. Watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa mia tano. Kati yao, waliohara Aprili mpaka Juni ni mia mbili. Khamala akagawanya, akapata arobaini kati ya mia. Akadhani amekosea, akarudia. Arobaini tena, ileile ya kadi.

Sista Caren aliposikia alishusha pumzi. Siku zile alikuwa hajalala vizuri.

"Si umeona? Ni ileile. Chora arobaini, weka brashi chini, twende nyumbani."

"Lakini arobaini ya kadi ni mia na ishirini kwa mia tatu. Arobaini ya kweli ni mia mbili kwa mia tano. Nguzo ni urefu mmoja, Sista, lakini ndani yake watu si wale wale. Lazima niandike chini yake ni wangapi kwa wangapi."

"Kwa Nini, nisikize. Ukiandika mia tano, watauliza hao mia mbili waliozidi kadi mia tatu wanatibiwa na nani. Watatuma mtu asimame hapa kwa mlango. Sasa Whitney ataingilia wapi?"

Khamala akauliza lile swali lililokuwa likimkereketa tangu siku ya kwanza. "Kwani wewe ulijua?"

"Mimi ni nesi, si polisi. Mtoto akiletwa amelegea, unafikiri naangalia kadi ama naangalia macho yake?"

Khamala aliondoka pale akiwa na hofu, na hofu haikuwa mazoea yake. Maswali yake yote ya zamani yalimgharimu yeye tu, muda wake au mteja wake. Hili lingeweza kumgharimu mtoto wa mtu. Aliona hana haki ya kuamua peke yake, akaenda kumtafuta Audrey.

Audrey alikuwa amerudi kutoka kufua nguo za watu, vidole vimekunjamana kwa sabuni. Khamala alimweleza polepole. "Mama Whitney, nikiandika mia tano, mtoto wako yuko ndani ya hesabu. Nikiandika mia tatu, hayuko. Lakini nikimwandika, wanaweza kumfungia mlango."

Audrey aliitaka kwanza ile kadi. Akaziangalia zile nukta kwa muda mrefu. "Hii ya Mei ni Whitney," alisema, akiweka kidole. "Alikuwa amekonda sana. Na hii inafuata ni Mourine wako." Kutoka nukta moja hadi nyingine mstari ulikuwa umepanda vizuri kabisa. "Baba Mourine, siku mtoto wangu atapungua tena, Sista akiwa ameenda likizo, huyo nesi mwingine atajuaje? Kadi itamwambia amenenepa."

Khamala akafungua daftari lake.

"Mwandike," alisema Audrey. "Omera, ndugu yangu, mwandike tu."

Ijumaa Khamala na Sista Caren walitembea mpaka Kawangware, wakibeba ubao uliofungwa kwa leso. Kamati ilikuwa ya watu watano, ikiongozwa na Mama Wamucii, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Chati ya Kawangware ilikuwa imeshatundikwa. Karani wao, Mutiso, alikuwa ameichora kwa rula na kalamu za rangi, nadhifu kama mwaliko wa harusi. Nguzo yao ilisema asilimia themanini. Sista Caren alipofungua leso, nguzo ya Mashimoni ilifika nusu yake tu.

"Themanini huku, arobaini kule," alisema Mama Wamucii. "Basi kazi si imekwisha?"

Sista Caren alimtazama Khamala kwa jicho ambalo hakuwahi kulisahau. Khamala akainua mkono.

"Mama, naomba kuuliza. Hiyo mia ya Kawangware ni mia ya nini?"

"Ya kadi," alijibu Mutiso haraka. "Tuna kadi mia tatu."

"Na themanini?"

"Ni wale walikuja. Mia mbili na arobaini."

"Kuna mtoto amekuja zaidi ya mara moja?"

Mutiso alifungua kitabu chake kwa kujiamini. Kidole chake kikashuka, kikasimama kwa Muema, kikashuka, kikasimama tena kwa Muema. Ukurasa uleule, kadi ileile, Muema wa tatu alikuwa karibu na chini. Mutiso alikuwa mtu mwaminifu, na masikio yake yakaona aibu kabla ya uso.

"Hapa nimehesabu miguu," alisema. "Sikuhesabu watoto."

"Hata sisi tulianza hivyo," alisema Khamala. "Yetu ilikuwa mia na thelathini. Ilitoka kwa ubao."

Mtu mmoja wa kamati akacheka. Mama Wamucii hakucheka. Alikuwa amesogea mpaka kwenye ubao wa Mashimoni, akisoma maandishi yaliyokuwa chini ya nguzo: watoto 200 kati ya 500.

"Tuliwapa kadi mia tatu," alisema. "Hawa mia mbili wengine wametoka wapi?"

Swali lenyewe lilikuwa limefika, na safari hii halikuwa lake. Khamala angeweza kusema ni jambo la mtaa, au kwamba hajui nyumba. Badala yake alitoa mfukoni kadi namba 87.

"Mama, mimi naanza na nyumba yangu. Huyu ni mtoto wangu. Hizi nukta ni za watoto wanne. Mke wangu aliazimisha kadi, na angeazimisha tena. Watoto walizaliwa nyumbani, karatasi hawana, lakini kuhara wanahara."

Mama Wamucii aligeukia Sista Caren. "Na wewe ukawatibu?"

"Niliwatibu."

"Ukijua?"

"Nikijua."

Mama Wamucii alirudi kwenye kiti chake, akaishika ile kadi karibu sana na miwani. Akapitisha ukucha juu ya mstari, chini, juu, chini. "Huyu hapa alikuwa amekonda," alisema, karibu anajisemea mwenyewe, na ukucha ukasimama palepale Audrey alipoweka kidole. Alisema tu wataandika barua, na Kawangware wahesabu upya, nukta na kila kitu.

Mutiso alihesabu upya, na Khamala akaenda siku mbili kumwonyesha. Barua ilikuja Septemba, na Sista Caren aliisoma mara tatu akitafuta siku tano. Hazikuwemo. Kila zahanati ilipewa siku tatu, na hilo lilimuuma, akalisema wazi bila kuficha. Lakini ukurasa wa pili ulisema kuanzia sasa mtoto atapewa kadi kwa neno la mama yake na jirani mmoja wa kushuhudia. Karatasi ya hospitali si lazima tena.

Siku ya kwanza ya kadi mpya foleni ilizunguka zahanati ikafika kioski cha maji. Khamala aliitwa kuandika majina, maana mwandiko wake ndio ulisomeka. Audrey alikuwa wa kwanza kwenye benchi, na Nanyama kando yake kama shahidi, na Mourine kwenye mapaja ya Nanyama. Khamala akaandika kwa herufi za bango: Whitney, namba 301.

"Whitney!" akaita Sista Caren kutoka ndani.

Hakuna aliyesimama. Whitney alikaa ametulia, akichezea kifungo cha sweta, akimngoja mwenye jina hilo.

"Whitney!"

Audrey akamgusa bega. Mtoto akamtazama tu mama yake, kama anayemwonea huruma kwa kutojua mambo. Sista Caren akatoa kichwa mlangoni, akaelewa, akaita kwa sauti ndogo, "Mourine."

Whitney akaruka chini kutoka kwenye benchi, akaenda mbio kuelekea kwenye mizani.

Benchi zima likacheka, hata Audrey, ingawa alikuwa anafuta macho. Khamala peke yake hakucheka. Aliinuka na kadi, akachuchumaa mbele ya mizani, akashika kidole cha mtoto, akakiweka juu ya herufi, moja baada ya nyingine.

"Huyu ni wewe," alimwambia. "Hapa ndani hakuna mtu mwingine."

Whitney aliikagua kadi mbele na nyuma. Chati ya uzito ilikuwa nyeupe, haina nukta hata moja. Kisha akamgeukia Mourine pale kwenye mapaja, akamrudia Khamala, na kwa mara ya kwanza mtu wa Mashimoni alimuuliza Kwa Nini swali alilotaka kulijibu.

"Na Mourine je, ako na yake?"

"Ako na yake," alisema Khamala. "Kila mtu na yake."

Sista Caren akasoma mizani, akaweka nukta ya kwanza.